Chombo hiki hakiendi

Picha ya kwanza niliyokusudia kuiuza niliichora nikiwa na miaka 19, juu ya kipande cha merikani kilichobaki mjomba aliposhona tanga. Ilikuwa mashua inavuka kutoka Lamu kwenda kisiwa cha Manda jioni, jua linazama nyuma yake na maji yote yamegeuka rangi ya chungwa. Niliipenda hata nikaamka usiku kuitazama kwa tochi ya simu. Asubuhi nikampelekea mjomba. Alikuwa barazani, anasokota pajani pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa za chombo. Akafuta mikono kwenye kikoi, akaishika picha kwa ncha za vidole kama anayepokea mkate wa moto, akaitazama. Akaitazama sana. Nami nimesimama pale nangoja sifa zangu.

"Chombo hiki hakiendi," akasema.

Nikadhani ni utani. Akaanza kunionyesha moja moja. Mlingoti nimeulaza nyuma kama wa yoti za wageni, na mlingoti wa kwetu huinamia mbele. Bendera inapepea kulia, tanga limevimba kushoto. "Pepo mbili hizi zimekutana wapi?" Demani, ile kamba ya kulishikia tanga, nilikuwa nimeichora kwa madaha, imejipinda kama herufi ya khati, lakini haikufika mkononi mwa mtu wala haikufungwa popote. Imeishia hewani. Mwisho akaweka kidole omoni, mbele ya chombo.

"Na mato yako wapi?"

Mato ndiyo macho, kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Vile vibao viwili vya duara, kimoja kila upande wa omo, vyenye mwezi na nyota. Mtoto wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, akichora chombo mchangani kwa kijiti hawezi kuyaacha. Mimi nimezaliwa mtaa wa Mkomani, nimevushwa na vyombo tangu nikibebwa mgongoni, na nilikuwa nimeyasahau.

Nilinuna siku mbili. Picha nikaiuza hata hivyo, kwa mgeni aliyelisifu jua lake. Lakini tangu siku ile sikuweza tena kutazama picha ya mtu yeyote kwa jicho nililokuwa nalo. Nikiulizwa ni wachoraji gani ninaowapenda, naweza kutaja majina sita saba bila kufikiri. Jambo nisiloliweza ni kuwataja bila kumtaja mjomba, kwa sababu wengi wao walipita kwanza mikononi mwake, pale barazani, baada ya alasiri, ndani ya simu yangu yenye kioo kilichopasuka.

Kabla ya hayo ya simu, lakini, kuna Malindi.

Nilikaa Malindi karibu miaka miwili nikichora katika duka la vitu vya watalii. Wateja wengi walikuwa Waitaliano, na mwenye duka alikuwa na hakika anajua wanachotaka: Mmasai mmoja, mgunga mmoja, jua moja. Siku nyingine anasema, "Leo nipe Tingatinga kumi." Nilichora Tingatinga zisizohesabika bila kujua kuwa hilo ni jina la mtu. Nilidhani ni aina ya picha, kama kanga ilivyo aina ya nguo. Au labda wameiita hivyo kwa lile tingatinga la kuchimba barabara, kwa vile rangi zake hazina adabu. Mwenzangu mmoja wa pale, kijana kutoka Dar es Salaam, alinicheka hadi akaketi chini.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaenda Dar es Salaam, akafanya vibarua vya nyumbani kwa watu. Alianza kuchora kwa kuuza mwaka 1968 hivi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, wakidhani gari alilokuwamo ni la wahalifu wanaokimbia. Miaka minne tu ya kazi. Ninapofikiria idadi ya watu wanaokula kwa jina lile, kutoka Dar mpaka Unguja mpaka maduka yetu ya huku, mimi mmoja wao, huwa naona haya kidogo.

Nilipoziona picha zake mwenyewe, si zetu sisi waigaji, nilishangaa jinsi zilivyo tulivu. Sisi tulijaza twiga, pundamilia, tembo, ndege, mlima Kilimanjaro na theluji yake, kila pengo lizibwe, maana mteja anahesabu wanyama. Yeye aliweka mnyama mmoja. Chui mmoja tu, ameijaza mbao nzima kama amekuja kuulizia kodi ya nyumba, na nyuma yake rangi moja tupu. Basi. Halafu rangi ni zilezile za makopo zinazopakwa baiskeli, na kwetu zinapakwa mistari ya ubavuni mwa mashua. Aliyeishika rangi ile anajua tabia yake. Haitaki kusuguliwasuguliwa wala kuchanganywa taratibu juu ya ubao. Ukipitisha brashi umekwisha kusema, ukirudi unaharibu. Kwa hiyo kila doa mgongoni mwa chui wa Tingatinga ni doa la mtu aliyekwisha amua. Hilo ndilo nililolipenda, na ndilo ambalo sikuwa nalo.

Malindi niliondoka nikiwa nadai mshahara wa miezi miwili. Mwenye duka alisema msimu mbaya, wageni hawakuja. Nikachukua makopo manne ya rangi badala ya pesa, nikapanda basi.

Niliporudi Lamu niliamua kuchora vyombo tu. Sababu moja ni mjomba. Sababu nyingine ni kwamba mtaani kwetu wapo wazee wasiopenda kuona mtu anachora viumbe wenye roho, na sikutaka mabishano na ustadhi aliyenifundisha alifu kwa kijiti. Chombo hakina roho. (Mjomba hakubaliani na hilo, lakini hayo ni mengine.) Ikawa kila nikipata bando naitafuta picha ya chombo, popote duniani, nampelekea. Hakuwa akiuliza jina la mchoraji. Alikuwa akitafuta demani.

Wa kwanza kufaulu alikuwa Hokusai, Mjapani. Lile wimbi lake kila mtu amekwisha liona, hata kwenye fulana za vijana wa Langoni. Hokusai alizaliwa mwaka 1760, na wimbi lile lilitoka karibu mwaka 1831, mzee amekwisha timiza sabini. Nilidhani mjomba atasema mawimbi hayana vidole kama vile. Hakuligusa wimbi hata kidogo. Alizikuza zile mashua tatu ndefu zilizo chini yake, akakaza macho.

"Hawa hawapigi makasia," akasema. "Wameyakumbatia. Wamelala."

"Wanaogopa?"

"Wanajua. Bahari ikiwa hivi husimami ukaonekana shujaa. Unajishikiza, unangoja lipite." Akasogeza picha kwa kidole. "Na hili wimbi dogo la nyuma, lenye povu kichwani?"

"Huo mlima, mjomba. Mlima Fuji. Ile ni theluji."

Akakubali mara moja, bila kushangaa. "Ndiyo. Ukiwa ndani ya maji namna ile, hata Manda huioni."

Niliposoma baadaye kwamba zile zilikuwa mashua za mbio, za kukimbiza samaki wabichi sokoni Edo, mji ambao leo ni Tokyo, nilienda kumwambia. Akajibu kuwa alikwisha jua si watalii. Jirani yetu anayechonga milango yeye aliona jambo jingine kabisa. Nilimweleza kwamba picha ile haikupakwa kwa brashi; mchoro ulibandikwa juu ya ubao wa mcheri, wachongaji wakauchonga, kisha ukapigwa chapa kwenye karatasi, rangi moja baada ya nyingine, nakala maelfu. Akaitazama ile mistari ya povu, akasema huyo aliyeshika patasi naye alistahili kuandikwa jina. Nami tangu hapo nikiitazama picha ile naona mikono ya watu wengi.

Rembrandt alikuja na matatizo. Nilimwonyesha mjomba picha yake ya dhoruba katika Bahari ya Galilaya, ya mwaka 1633, chombo kimeinuliwa omo karibu kisimame wima. Mjomba akauliza ni kina nani. Nikajibu bila kufikiri: ni Nabii Isa na wanafunzi wake. Akaurudisha mkono kama ameguswa na moto. "Manabii hawachorwi, mwanangu. Wajua hilo." Nikasema picha si yetu, ni ya Wakristo wa Uholanzi zamani. Tukakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Ziba hapo." Nikaweka kidole gumba juu ya sehemu ile, na hivyo ndivyo tulivyoitazama picha ya Rembrandt, kidole changu kikiwa pale muda wote, naye akikagua sehemu iliyobaki.

Tanga limechanika. Watu wa omoni wanapigana nalo. Yule wa usukani amejikaza. Akafika kwa mtu mmoja aliyeinama ubavuni, kichwa nje, akaanza kucheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Anatapika!"

Ni kweli, anatapika. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Alisema amesafiri na watu wa kila namna na katika kila safari kulikuwa na mmoja yule, lakini hajapata kumwona amechorwa, kwa kuwa wachoraji wote hufikiri baharini kuna mashujaa watupu. Kisha akauliza, "Na hii kamba ndefu inayopita katikati, ya nini? Haikufungwa."

"Si kamba, mjomba. Ni ufa wa simu."

Kuna mtu mwingine ndani ya chombo kile, ameshika kamba kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine, anatutazama sisi. Husemwa kuwa huyo ni Rembrandt mwenyewe, amejipakia: ukihesabu, waliomo ni 14, na hadithi ina watu 13. Napenda sana kwamba alijipa nafasi ya abiria. Hakujifanya nahodha. Picha yenyewe haipo tena mahali pa kuonekana. Usiku wa tarehe 18 Machi 1990 watu wawili waliovaa sare za polisi waliingia jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner huko Boston, Marekani, wakaondoka na vitu 13, hiyo ikiwa mojawapo. Waliikata kutoka kwenye fremu yake, na fremu bado imetundikwa ukutani, tupu. Mjomba hakujali thamani yake. Aliuliza tu, "Waliikata kwa kisu?" akakunja uso, kama mtu aliyewahi kuchaniwa tanga.

Van Gogh, Mholanzi mwingine, alipita kwa urahisi. Picha yake ya mwaka 1888, ya mashua nne za wavuvi zimepandishwa ufukweni kusini mwa Ufaransa, nyekundu, buluu, kijani, ilimfanya mjomba aite watu waje waone foromali, ile miti inayobeba tanga. "Hawa ndugu zetu!" Na kweli foromali zimeinama vilevile, zimekatana na milingoti kama mikasi. Mashua ya mbele imeandikwa jina lake ubavuni, *Amitié*, maana yake urafiki, na hilo kwa mjomba ni dalili ya mtu mwenye heshima, kwa sababu chombo kisicho na jina ni mbao tu. Alichorea pale ufukweni asubuhi na mapema, kabla wavuvi hawajaondoka, akaenda kupaka rangi baadaye nyumbani Arles. Nami nimejaribu kufanya hivyo pale gatini. Wavuvi hawangoji mtu.

Huja pia wachoraji wa Ulaya kwa tamasha la wachoraji la Lamu, wakatawanyika Shela na mjini na vifaa vyao vya miguu mitatu. Mwaka mmoja nilikaa nyuma ya mmoja asubuhi nzima. Alichora mlingoti, akaufuta kwa kitambaa. Akauchora, akaufuta. Mara ya tatu akainuka akaenda kumuuliza baharia jambo, kwa ishara za mikono, akarudi akauinamisha mbele. Sikulijua jina lake lakini namhesabu miongoni mwa wachoraji wangu.

Sasa Turner, Mwingereza. Hapa ndipo nilipochanganyikiwa.

Mwaka 1838 meli ya vita ya Waingereza iitwayo *Temeraire*, iliyopigana katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805, ilivutwa kwenye mto Thames kupelekwa kuvunjwa mbao. Mwaka uliofuata Turner akaionyesha picha yake. Meli ni nyeupe, ndefu, kama imekwisha kufa. Mbele yake ipo stima ndogo nyeusi inatema moshi na moto, ndiyo inayoikokota. Upande wa kulia jua linazama jekundu. Nilimpa mjomba simu nikangoja aanze kukagua.

Hakukagua kitu. Alikaa nayo mpaka kioo kikazima, akanirudishia niwashe, akatazama tena.

Mjomba alikuwa kijana kwenye majahazi ya boriti, yaliyokuwa yakipakia mikoko huku kwetu na kuipeleka Uarabuni. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku boriti kuuzwa nje. Jahazi alilofanyia kazi lilikaa kwenye matope misimu kadhaa, mwishowe likauzwa vipande vipande. Kuna nyumba moja ya wageni mjini yenye meza iliyotengenezwa kwa mbao zake, na mjomba akipita pale hupitia upande wa pili wa njia. Hajawahi kunieleza sababu. Nimeambiwa na mama.

Basi mimi, kwa kutaka kuonekana mjuzi, nikaanza kumsomea makosa ya Turner. Kwamba siku ile meli haikuwa na milingoti, ilikwisha ng'olewa. Kwamba ilivutwa na stima mbili, siyo moja. Kwamba hata jua amelizamisha upande usio wake.

Akanitazama. "Angeondoa milingoti angebaki anachora nini? Boya?"

"Lakini mjomba, mimi uliniambia chombo changu hakiendi kwa ajili ya mlingoti."

"Wewe hukudanganya," akasema. "Hukujua. Huyu alijua kila kamba, akachagua."

Maneno hayo niliyabeba wiki nyingi. Nilirudi kuitazama picha ya Turner nikaona kweli: hakuna aliyeichora meli ile kwa kubahatisha. Ile milingoti aliyoirudisha ameirudisha nyembamba, hafifu, kama mtu anayemkumbuka marehemu akiwa amesimama. Haikuuzwa akiwa hai. Alikataa kuachana nayo, na alipofariki mwaka 1851 aliiachia nchi yake. Iko London mpaka leo.

Wapo wengine nisiomwonyesha mjomba kwa kuwa hawana vyombo. Jak Katarikawe, Mganda aliyeishi Nairobi mpaka akafariki mwaka 2018, aliyekuwa dereva kabla ya kuwa mchoraji: ng'ombe wake wana nyuso za watu wanaokumbuka jambo tamu. Na Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ambaye hupaka rangi juu ya lubugo, lile gome la mti la Waganda linalopondwa mpaka likawa nguo, na ambalo huvikwa maiti. Lubugo lina matundu na mishono, naye hayafichi. Tundu likiangukia katikati ya uso, uso unaliachia nafasi. Niliposoma habari zake nilitoa kile kikapu changu cha vipande vya matanga, ambavyo nilikuwa navitupilia mbali kila palipokuwa na kiraka, nikaanza na chenye viraka vingi kuliko vyote.

Juu ya kipande hicho, mwaka jana wakati wa upepo wa kusi, nilichora mashua inapita Shela kutoka nje, maji mazito ya kijani, tanga limekaza. Kiraka kikubwa cha kitambaa nilikiacha palepale, kikawa kiraka cha tanga. Demani imeshikwa. Mlingoti umeinamia mbele. Mato yapo. Mtu aliyeshika usukani nilimchora kwa nyuma, kikoi na kofia tu, na yeyote wa Lamu angemjua kwa mabega.

Mjomba siku hizi macho yamepungua. Aliichukua picha akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akawa anaifuata kamba moja baada ya nyingine kwa ukucha bila kuigusa. Kutoka demani mpaka mkononi. Kutoka kileleni mpaka chini. Akafika tezini, nyuma ya chombo, akasita pale kwenye yale mabega, hakusema lolote juu yake. Kisha akashuka ndani ya chombo.

"Kinavuja hiki," akasema.

"Wapi, mjomba? Nimekosea wapi?"

"Hukukosea. Kila chombo huvuja. Cha kufulia maji, kuyatoa nje, kiko wapi?"

Nilikwenda chumbani nikatafuta. Yale makopo ya Malindi lilikuwa limebaki moja, la njano, limefanya ngozi juu. Nikaitoboa kwa msumari, nikakoroga, nikachora miguuni mwa nahodha dumu la mafuta lililokatwa mdomo, limelala ubavu, na maji kidogo ndani yake.